Wito Hauandiki Kitabu: Ushauri kwa Waandishi Wakristo wa Beni na Butembo

Katika makanisa ya Beni na Butembo miswada ni mingi kuliko vitabu. Wachungaji wana madaftari ya mahubiri ya miaka mingi. Akina mama wana shuhuda wanazozisimulia kwenye mikesha, na waliozisikia huzisimulia tena nyumbani. Waliosomea theolojia wana TFC (kazi za kumaliza masomo) na memwari zilizowekwa kwenye rafu siku ya kutetewa, na hakuna aliyezifungua tena. Na tangu mauaji yalipoanza kuikumba Beni Oktoba 2014, kisha Ebola ya Agosti 2018 hadi Juni 2020, waumini wa huku wamepitia mambo ambayo Wakristo wa kwingineko huyasoma tu katika Zaburi na Maombolezo. Ya kusema tunayo.

Hata hivyo, ingia katika duka lolote la vitabu vya dini mjini, utakuta vingi vimeandikwa Marekani, Ufaransa au Nigeria. Vya kwetu ni vichache, na kati ya hivyo vichache kuna vinavyoachia kurasa kabla msomaji hajafika katikati. Waandishi wetu hawakosi imani wala kipaji. Kinachowakwamisha wengi ni fikra moja: kwamba kitabu kikiwa kimetoka kwa Mungu hakihitaji ufundi. Mwandishi husema, "Bwana amenipa ujumbe huu," basi hataki mhariri auguse, hapigi hesabu ya gharama, na mkataba anausaini bila kuusoma.

Mimi naamini kwamba Mungu huita watu kuandika. Lakini wito hukupa sababu ya kuandika tu. Kitabu chenyewe hutokana na kazi. Bezaleli aliyetengeneza hema la kukutania alijazwa Roho wa Mungu, na Biblia inasema kwamba alijazwa ili afanye kazi ya ustadi. Ushauri ufuatao unahusu ustadi huo, kwa mtu anayeandika akiwa Beni, Butembo, Oicha, Lubero au Kasindi, si kwa mtu anayeandika akiwa Paris.

Mjue msomaji kabla ya kuandika sura ya kwanza

Ukimuuliza mwandishi mpya kitabu chake ni cha nani, mara nyingi hujibu kwamba ni cha watu wote. Kitabu cha watu wote hakina mnunuzi. Mtaje msomaji mmoja unayemfahamu: mama mjane anayeuza unga sokoni na kuongoza kikundi cha maombi, kijana wa kwaya aliyemaliza sekondari na hana kazi, shemasi anayetakiwa kuhubiri kila Jumapili ya tatu na hana hata kitabu kimoja cha kumsaidia. Kisha jiulize: ana tatizo gani ambalo kitabu changu kitamsaidia kulibeba? Ana muda gani wa kusoma, na kwa mwanga gani? Anaweza kutoa pesa ngapi bila kuwanyima watoto chakula?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua urefu wa kitabu, lugha yake, ukubwa wa herufi na bei. Shemasi anahitaji mahubiri yaliyopangwa kwa mwaka wa kanisa, yenye somo, maelezo mafupi na maswali. Mjane anahitaji sura za kurasa tatu tatu anazoweza kumaliza kabla ya kulala. Kama huwezi kumtaja msomaji wako, bado hujawa na kitabu, hata kama umeshaandika kurasa 200.

Chagua lugha kwa kufikiri, si kwa fahari

Huku kwetu mtu huomba kwa Kinande, hununua na kuimba kwa Kiswahili, husoma shuleni kwa Kifaransa. Waandishi wengi huchagua Kifaransa kwa sababu ndicho walichofundishiwa na ndicho kinachopewa heshima. Ni chaguo sahihi ikiwa unawaandikia wanafunzi wa vyuo vikuu na wachungaji waliosoma. Ukimwandikia mama wa sokoni kwa Kifaransa, umemfungia mlango.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa Butembo kinaweza kusomwa Bunia, Goma, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi, kikavuka na kufika Kigoma na Mombasa. Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu cha mazungumzo hakifanani sana na kile cha Biblia, na wengi huogopa kuchekwa. Usiogope. Andika masimulizi na maelezo kwa Kiswahili sanifu chepesi, kile ambacho waumini wameshakizoea kupitia Biblia, na uache mazungumzo ya watu yasikike kama wanavyosema. Usichanganye bila mpango, ukurasa mmoja ukiwa wa Dodoma na mwingine wa soko la Beni.

Mathias Mnyampala wa Tanzania ni mfano mzuri. Alikuwa Mgogo, Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili, na alikuwa na kazi serikalini. Ndiye aliyetunga Injili nzima kwa utenzi, kwa bahari iliyokuwa imetumiwa na washairi Waislamu wa pwani kwa karne nyingi. Alikaa akajifunza kanuni za vina na mizani mpaka washairi wa pwani wenyewe wakamheshimu. Mnande anayetaka kuandika Kiswahili kizuri hana udhuru ambao Mnyampala hakuwa nao. Na kama kitabu chako ni cha wazee wa kijijini au cha watoto wa shule ya Jumapili, kiandike kwa Kinande bila haya. Wakati wa Ebola tuliona wazi kwamba neno linaloaminika zaidi ni lile linalofika kwa lugha ya nyumbani.

Anza na kitu kifupi

Mwandishi wa kwanza hutaka kuandika kila kitu alichofundishwa na Mungu tangu ubatizo. Andika jambo moja. Vitabu vifupi vimefanya kazi kubwa katika kanda hii. Askofu Festo Kivengere wa Uganda aliikimbia nchi yake Februari 1977, baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Mwaka uleule akatoa kijitabu kuhusu kumsamehe Idi Amin, na hadi leo kinasomwa. Karibu zaidi nasi, Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1997, aliwafikia waumini kwa barua za kichungaji. Ujumbe wake wa Noeli ya 1999 ulikuwa wa kurasa chache, lakini ulisomwa makanisani na ukawatikisa wakuu wa uasi wa RCD, waliokuwa wakiitawala Bukavu, hata wakamzuia kukaa Bukavu kuanzia Februari 2000. Aliishi uhamishoni Butembo mpaka Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Barua yake ilikuwa na nguvu kwa sababu iliandikwa ili isomwe kwa sauti mbele ya watu, ikitaja mambo yao kwa majina yake.

Ufupi unafaa mfuko pia. Katika mashine za ofseti, karatasi kubwa moja ikikunjwa mara kadhaa hutoa kurasa 16. Ndiyo maana wachapaji hupenda vitabu vya kurasa 48, 64, 80 au 96. Kitabu chako kikiwa na kurasa 99, utalipia kurasa 112, na nyingine zitabaki tupu. Mwambie msanifu wa kurasa mapema unataka kurasa ngapi, kisha punguza maneno mpaka kitabu kienee humo. Kwa kitabu cha kwanza, 64 au 96 zinatosha kabisa.

Ushuhuda: useme kweli, na usimhatarishe mtu

Vitabu tunavyovihitaji zaidi, na vilivyo vigumu zaidi kuandika, ni shuhuda za waliopitia mauaji, utekaji, ukimbizi na maradhi. Mara nyingi muswada huja na sentensi kama hii: "Usiku ule wa giza nene adui alitushambulia, damu ikamwagika kama mto, lakini Mungu wetu ni mwema siku zote." Kila neno hapo limekwisha kutumiwa na watu wengine. Msomaji hasikii chochote.

Sasa mwombe mama huyohuyo akueleze taratibu kilichotokea, na uandike anavyosema. Kwa mfano: "Tulimsikia mbwa wa jirani akibweka, kisha akanyamaza ghafla. Mume wangu akazima taa. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kibichi, maana nilikuwa nimekianua kabla hakijakauka. Mtoto alihisi baridi, nikaogopa atalia." Hapa hakuna damu wala mto, lakini msomaji yumo ndani ya nyumba ile. Usiharakishe kufika kwenye neno la faraja. Zaburi nyingi hulia kwanza, na nyingine huisha zikiwa bado zinalia. Mama huyo akisema kwamba alikaa miezi bila kuweza kuomba, liandike hilo pia. Atakuja msomaji mwenye hali hiyohiyo ambaye hajawahi kusikia Mkristo yeyote akilikiri.

Kisha fikiria usalama. Padri Vincent Machozi wa shirika la Waasumpsio, aliyeandika kwa miaka mingi juu ya mauaji ya Beni na Lubero, alipigwa risasi akafa karibu na Butembo tarehe 20 Machi 2016. Maneno yaliyochapwa yana uzito katika nchi hii, na tangu Kivu Kaskazini ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021 mwandishi ana sababu zaidi ya kupima anachoandika. Sishauri mtu anyamaze. Nashauri kila mwandishi atofautishe ujasiri wake na maisha ya mwenzake. Una haki ya kuhatarisha jina lako. Jina la msichana aliyetoroka porini si lako. Badilisha majina na vijiji. Usitaje njia waliyopitia wala nyumba iliyowaficha. Usiandike kwamba fulani alishirikiana na wauaji kwa sababu umesikia tu. Umbea ukishachapwa unaweza kumuua mtu asiye na hatia. Msomee mwenye ushuhuda maandishi yote kabla hayajachapwa, kwa lugha anayoielewa, na akikwambia ondoa, ondoa. Hata ikiwa wewe ni pasta wake, kumbuka kwamba alichokueleza katika maungamo au ushauri wa siri hukupewa kwa ajili ya kitabu.

Mpe mtu mwingine asome

Hakuna mwandishi anayejihariri mwenyewe akamaliza. Panga usomaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa wasomaji wa kawaida, watu watatu au wanne wanaofanana na msomaji uliyemtaja. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, maana watasema ndiyo kwa adabu. Waulize wapi walichoka, wapi hawakuelewa, na sura gani wangemsomea jirani. Wa pili ni wa mtu anayejua theolojia, ili makosa ya mafundisho yasitoke na jina lako. Wa tatu ni wa msahihishaji wa lugha, na huyu alipwe. Kumwambia "unifanyie kwa ajili ya Bwana" si halali. Mfanyakazi anastahili ujira wake.

Watu hao tunao. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, chuo kikuu cha Kikristo cha UCBC kilichoanza Beni mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Waadventista cha Lukanga, na Chuo Kikuu Shalom kule Bunia. Vyuo hivi vina walimu na wahitimu wanaoweza kusoma muswada kwa makini kwa malipo ya wastani. Kabla ya kuwapelekea, usome muswada wako wote kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, sentensi ina kasoro. Na mahubiri yaliyoandikwa kama yalivyosemwa mimbarini si kitabu bado: ondoa marudio, ondoa "wapendwa" za kila aya, na utafute hoja inayounganisha Jumapili moja na nyingine.

Njia za kuchapisha

Njia ya kwanza ni mchapishaji wa kweli, yaani yule anayechagua miswada, anagharimia kazi na kukulipa mrabaha. Kwa Kifaransa kuna Médiaspaul na CEDI, zote za Kinshasa. Kwa Kiswahili kuna Central Tanganyika Press ya Dodoma. Paulines Publications Africa ya Nairobi huchapisha vitabu vya Kikatoliki. Kwa kazi za kitaaluma kuna Langham na HippoBooks, chapa iliyoanzishwa kwa ajili ya waandishi wa Kiafrika. Usidhani milango hii ni ya watu wa mbali tu. Profesa Bungishabaku Katho, aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu Shalom cha Bunia, alimsoma nabii Yeremia akiwa Ituri katikati ya vita, na kitabu chake *Reading Jeremiah in Africa* kikatoka kwa HippoBooks mwaka 2021. Hakuondoka nyumbani ili apate mada. Wataalamu 70 wa Kiafrika walioandika *Africa Bible Commentary* ya 2006 wanatufundisha jambo lilelile: kilichowafanya wasomwe duniani ni kwamba waliifafanua Biblia wakiwa wamesimama mahali pao.

Usimpelekee mchapishaji kitabu chote bila kuulizwa. Tuma barua ya ukurasa mmoja inayosema kitabu kinahusu nini, ni cha nani na kwa nini wewe ndiwe wa kukiandika. Ongeza muhtasari wa sura na sura mbili zilizokamilika. Kisha subiri, maana majibu huchukua miezi.

Njia ya pili ni kujichapishia. Kwa kazi ndogo, sekretaria na viwanda vya uchapaji vya Butembo na Beni vinatosha. Kwa nakala nyingi, wengi huvuka Kasindi, wakapitia Mpondwe na Kasese hadi Kampala, katika maduka ya uchapaji ya Nasser Road. Huko bei hushuka kadiri nakala zinavyoongezeka. Popote uendapo, omba bei kwa maandishi, na omba uoneshwe nakala moja kamili kabla ya kazi nzima kuchapwa. Ifungue katikati, uikunje, uvute ukurasa: gundi mbaya hujulikana hapo hapo. Angalia kama herufi za ukurasa wa nyuma zinaonekana mbele, maana karatasi nyepesi mno humchosha msomaji wa jioni. Lipa nusu mwanzoni, nusu ukishapokea. Na uliza ushuru wa mpakani kabla ya kusafiri, si ukiwa umeshafika Kasindi na maboksi.

Njia ya tatu ni mtego. Waliomaliza chuo hupata barua pepe kutoka nje zikisifu memwari zao na kuahidi kuzichapisha bure. Soma masharti. Mara nyingi utakabidhi haki zako, hakuna atakayehariri chochote, na kitabu kitauzwa kwenye intaneti kwa bei ambayo hakuna mtu Butembo anayeweza kuilipa. Wengine husema wazi kwamba wewe ndiwe ulipe, na wanajiita wachapishaji wa Kikristo. Kanuni ni rahisi: mchapishaji hukulipa wewe. Ukimlipa wewe, huyo ni mchapaji, na una haki ya kumdai ubora, hesabu na nakala zote ulizolipia.

Piga hesabu kabla ya kuomba mchango

Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kujifunzia tu. Unachapa nakala 300 za kitabu cha kurasa 96 kwa dola 1.50 kila moja: dola 450. Uhariri, usanifu wa kurasa na jalada: dola 120. Usafiri na mpaka: dola 60. Jumla ni dola 630. Nakala 30 utazitoa bure kwa wahariri, viongozi na maktaba, au zitaharibika. Zimebaki 270 za kuuza.

Ukipanga bei ya dola 4, na muuzaji akachukua asilimia 30, unabaki na dola 2.80 kwa kila nakala. Itakubidi uuze nakala 225 ndipo urudishe pesa yako. Zile 45 za mwisho ndizo zenye faida, nayo ni dola 126. Ukiuza 100 kwa mkono wako mwenyewe na 170 kupitia wauzaji, faida hufika dola 246. Lakini ukipanga bei ya dola 2.50 kwa kuwahurumia watu, hata nakala zote 270 zikiuzwa dukani kwa masharti yaleyale utapata dola 472.50, yaani hasara ya dola 157.50. Kitabu cha pili hakitatoka. Huruma iliyo bora ni kupunguza kurasa, au kutafuta mfadhili wa nakala maalumu kwa wakimbizi, huku bei ya kawaida ikibaki palepale.

Fungua daftari la kitabu, mbali na pesa ya nyumbani na mbali kabisa na sadaka za kanisa. Pesa ya kanisa ikitumika kuchapa kitabu, iandikwe kama mkopo au kama mradi wa kanisa, na wazee waamue mapema faida ni ya nani. Ugomvi mwingi kati ya wachungaji na mabaraza yao huanzia kwenye pesa ambazo hakuna aliyeziandika.

Sheria na ruhusa

Kongo ina sheria ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986. Kazi yako inalindwa maishani mwako na kwa miaka 50 baada ya kifo chako, na urithi huo ni wa watoto wako. Kwa hiyo usisaini mkataba unaotoa "haki zote, lugha zote, daima". Tafuta mambo haya: muda wa mkataba, nchi na lugha zinazohusika, kiwango cha mrabaha (aghalabu karibu asilimia 10), tarehe ya kupewa hesabu, na sharti kwamba kitabu kikiisha sokoni haki zinarudi kwako.

Sheria hiyohiyo inawalinda wengine dhidi yako. Tafsiri ya Biblia ina mwenyewe. Louis Segond ya 1910 ni huru kutumiwa, lakini tafsiri nyingi za karibuni, za Kifaransa na za Kiswahili, ni mali ya vyama vya Biblia. Mistari michache hairuhusiwi kugeuka sura nzima bila idhini. Taja tafsiri uliyotumia kwenye ukurasa wa mwanzo, na kama unanukuu sana, andika barua kuomba ruhusa. Nyimbo za kwaya nazo zina watunzi. Na kuchukua mahubiri ya mtu kutoka YouTube ukayaweka jina lako ni wizi, hata kama yamekubariki.

Nakala za chapisho hupelekwa kwa ajili ya Maktaba ya Taifa, na namba ya depo legali huchapwa ndani ya kitabu. Mwulize mchapaji wako utaratibu kabla ya kazi kuanza. Mkatoliki anayeandika katekisimu au kitabu cha sala anahitaji kibali cha askofu, na mtawa anayeandika juu ya imani anahitaji ruhusa ya mkuu wake. Kwa ndugu Waprotestanti wa CBCA, CECA 20 na jumuiya nyingine za ECC, dibaji ya kiongozi anayejulikana husaidia sana, mradi awe amekisoma kitabu kweli.

Kuuza ni sehemu ya huduma

Wako waandishi wanaoona haya kuuza. Lakini kitabu kilichobaki kwenye boksi chini ya kitanda hakimhudumii mtu. Panga mauzo kabla ya kuchapa. Zungumza na vikundi vya akina mama, kwaya, shule za Jumapili na jumuiya ndogo za Kikristo. Kikundi kikikubali kusoma kitabu pamoja kwa wiki nane, umeuza nakala nyingi kwa siku moja. Weka maswali mwishoni mwa kila sura kwa ajili hiyo. Omba nafasi redioni, kwa mfano Radio Moto, ukasome kurasa tatu na kuzijadili, maana huku kwetu redio hufika mahali ambapo kitabu hakifiki. Angalia na majira: Septemba wazazi wanatafuta karo, usitarajie kitu. Noeli, Pasaka, mikutano mikubwa na msimu wa kakao ndiyo nyakati za pesa.

Wauzaji wa vitabu wape nakala chache kwa hati, na upite kila mwezi kuhesabu. Pokea malipo kwa M-Pesa au Airtel Money ili mtu wa Oicha asilazimike kusafiri. PDF usiitume kwa "rafiki mmoja tu", maana kesho itakuwa katika kila kundi la WhatsApp. Ukitaka kutoa bure, toa sura moja kwa hiari yako, yenye namba ya kuagiza kitabu kizima.

Maisha marefu ya mwandishi

Usiache kazi yako. Ni wachache sana, popote duniani, wanaolishwa na vitabu peke yake, na mtu aliyetarajia kitabu kilipe karo hukata tamaa akaacha kuandika kabisa. Ila kalamu ina kazi nyingine zinazolipa: kutafsiri, kusahihisha memwari, kuandika vipindi vya redio, masomo ya shule ya Jumapili, vijitabu vya afya vya mashirika. Kazi hizo hunoa mkono na hujenga jina. Tenga muda mdogo usiobadilika, pengine alfajiri kabla watoto hawajaamka, na uulinde. Soma sana, na usisome vitabu vya dini tu. Unda kikundi cha waandishi watatu au wanne wa makanisa tofauti, mkutane kila mwezi, kila mmoja akiwa na kurasa mkononi. Hifadhi muswada wako mahali pawili, na nakala moja iwe nje ya nyumba yako. Mmeshaona jinsi watu wanavyolazimika kukimbia bila kuchukua kitu.

Na wewe kiongozi wa kanisa, una sehemu yako. Weka fungu dogo la vitabu katika bajeti ya parokia. Nunua nakala za mwandishi wako badala ya kuomba za bure. Mpe mama mwenye ushuhuda mtu wa kumwandikia kama hakujaliwa kusoma, na jina lake liwe juu ya jalada akitaka, au lifichwe akiogopa.

Ndugu yangu, dada yangu, historia ya kanisa la Beni na Butembo katika miaka hii itaandikwa. Isipoandikwa na waliokuwapo, itaandikwa na wageni waliopita wiki mbili wakiwa na mkalimani. Chukua daftari wiki hii, mtaje msomaji mmoja, uandike kurasa tatu kwa lugha anayoielewa, kisha umpe mtu mkweli azisome. Mungu akikuita, mwitikie kwa kazi iliyofanywa vizuri.